Kupiga na kupokea simu kwenye kompyuta kupitia simu yako ya mkononi

Anayefanya kazi kwenye kompyuta mchana kutwa anaijua adha hii: simu inaita, nayo iko kwenye mkoba au imechomekwa chaji upande wa pili wa chumba. Unavua hedifoni, unakimbia, unafika imeshakatika. Ipo njia ya kuipokea papo hapo ulipoketi, kwa hedifoni hizohizo, na hata ya kupiga kwa kuandika namba kwenye kibodi. Kama kompyuta yako ina Bluetooth, huna cha kununua.

Kabla ya hatua, lielewe jambo moja, kwa sababu karibu matatizo yote utakayokutana nayo yanatoka hapo. Kompyuta haipigi simu. Anayepiga ni simu yako, kwa laini yako, kwa salio lako. Kompyuta inaikopesha maiki, spika na kibodi, basi. Kwenye Windows inafanya hivyo kwa kujitambulisha kwa simu kama vile ni kifaa cha masikioni, kwa kutumia utaratibu wa Bluetooth uitwao Hands-Free Profile, uleule unaotumiwa na redio za magari kupokelea simu dereva akiwa barabarani.

Ukishalishika hilo, maswali mengi yanajijibu yenyewe. Unayempigia ataona namba yako ya kila siku. Salio likiisha, kompyuta haina msaada. Simu ikizima chaji, maongezi yanakatika katikati ya sentensi. Simu ikilazwa kwenye kona isiyoshika mtandao, sauti itakwaruza hata kama intaneti ya kompyuta ni ya kasi namna gani. Na sauti ya maongezi haili bando, kwa kuwa kati ya simu na kompyuta inapita kwa Bluetooth, na kutoka hapo inakwenda kwa mtandao wa kawaida wa simu.

Kwanza jua uko kundi gani

Mwenye Windows na Android ana njia iliyonyooka zaidi, na ndiye nitakayekaa naye kwa muda mrefu. Mwenye Windows na iPhone anaweza pia, ila kwa masharti. Mwenye Mac na iPhone kazi yake ni ya dakika mbili. Wa Linux asome mwishoni, asitarajie makubwa. Mwenye Mac na Android ndiye aliyeachwa njiani: Apple haikumwekea mlango, kwa hiyo atabaki na simu za WhatsApp na za namna hiyo.

Tahadhari moja kwa wanaosoma maelekezo ya zamani. Ukiambiwa upakue Your Phone, fahamu kwamba hiyo ndiyo Phone Link ya leo, programu ya Microsoft ya kuunganisha simu na kompyuta ya Windows. Ilibadilishwa jina mwaka 2022. Ukiambiwa utumie Intel Unison, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, achana nayo, ilifungwa mwaka 2025.

Windows na Android

Hakikisha kompyuta ina Bluetooth. Bofya alama za kona ya chini kulia, karibu na saa. Kitufe cha Bluetooth kikiwepo, kiwashe. Kisipoonekana, fungua Mipangilio uangalie sehemu ya vifaa. Kompyuta za mezani nyingi hazina. Hapo utahitaji kile kijiti kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Halafu sasisha Windows na sasisha simu. Usiruke hili ukidhani ni maneno ya kawaida ya mafundi. Programu mbili utakazotumia, Phone Link ya kwenye kompyuta na Link to Windows ya kwenye simu, zinakwenda pamoja, na moja ikibaki nyuma unaanza kuona vitufe vinavyokosekana. Windows 10 bado inaweza kufanya kazi hii, ingawa Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ni salama zaidi.

1. Kwenye kompyuta, andika Phone Link kwenye kisanduku cha kutafutia na uifungue. Kwa kawaida huwa imekuja na Windows. Ikikosekana, ipo Microsoft Store, bure.

2. Kwenye simu, weka programu ya Link to Windows kutoka Play Store. Baadhi ya simu, hasa za Samsung, huja nayo tayari, kwa hiyo tafuta kwanza kabla ya kupakua.

3. Kwenye kompyuta chagua Android. Utaonyeshwa msimbo wa QR. Fungua Link to Windows kwenye simu, chagua kuunganisha, elekeza kamera kwenye msimbo, kisha fuata maagizo. Ukiulizwa akaunti ya Microsoft, tumia ileile pande zote mbili.

4. Simu itaanza kuomba ruhusa moja baada ya nyingine: majina uliyohifadhi, orodha ya simu, ujumbe mfupi, picha, arifa. Kwa kupiga simu unahitaji ya simu na ya majina. Za picha na ujumbe unaweza kuzikataa bila kuharibu chochote. Mimi ninapendelea kutoa zile ninazozihitaji na kuziacha nyingine.

5. Rudi kwenye kompyuta, fungua sehemu iliyoandikwa Calls. Hapa wengi hushangaa kukuta wanaambiwa waanze tena kuunganisha wakati wameshaunganisha. Hujakosea. Muunganiko wa kwanza ulikuwa wa kupeleka taarifa kwa intaneti; huu wa pili ni wa Bluetooth, na ndio utakaobeba sauti. Kubali, iwashe Bluetooth ya simu, na uviache vifaa viwili karibu.

6. Itatokea namba ya tarakimu sita kwenye kompyuta na kwenye simu. Zilinganishe. Zikifanana, kubali pande zote mbili, na usichelewe, kwa sababu ombi hilo halisubiri sana.

Sasa litazame vizuri lile dirisha dogo la simu kabla hujaligusa. Chini ya tarakimu sita, kwenye simu nyingi za Android, kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama kompyuta iruhusiwe kuona majina na historia ya simu. Mtu mwenye haraka anagusa kitufe cha kuoanisha bila kukitia alama kisanduku hicho. Matokeo yake simu zinapita vizuri lakini kompyuta inaonyesha namba tupu, hajui mama ni yupi na fundi ni yupi. Kama umeshapita hapo, si lazima uanze upya: kwenye simu fungua Bluetooth, gusa alama ya gia iliyo kando ya jina la kompyuta, na utaona swichi za kuruhusu simu na kushiriki majina. Washa zote mbili.

7. Bado kwenye simu, nenda kwenye mipangilio ya betri na uiondoe Link to Windows kwenye orodha ya programu zinazolazwa ili kuokoa chaji. Simu nyingi zina ukali wa ajabu kwenye jambo hili. Programu unayoiacha usiku asubuhi unaikuta imezimwa, na unaanza kuilaumu Windows.

8. Kwenye mipangilio ya Phone Link, chagua ijifungue yenyewe kila unapowasha kompyuta. Isipofanya kazi chinichini, simu ikiita haitaonekana kwenye kioo.

Kupiga, kupokea na kuhamisha

Kwenye sehemu ya Calls kuna kibao cha namba. Andika namba, au anza kuandika jina na uchague, kisha bofya alama ya simu. Ukinakili namba kutoka kwenye barua pepe au jedwali, inatosha kuibandika hapo, na kwa anayepiga simu nyingi za kazi faida kubwa iko hapa hasa: hakuna tena kusoma tarakimu kumi kwa sauti huku unazigusa kwenye simu na kukosea ya saba. Namba ya nchi nyingine ianze na alama ya kujumlisha na namba ya nchi.

Simu ikiingia, kidirisha kitatokea pembeni mwa kioo chenye jina la anayepiga, na vitufe vya kupokea na kukataa. Katikati ya maongezi utakuta kitufe cha kunyamazisha maiki, kibao cha namba cha kujibu zile sauti za mashine zinazokuambia bonyeza 1 au bonyeza 2, na kitufe cha kuyarudisha maongezi kwenye simu. Hicho cha mwisho kizoee mapema. Unapotaka kutoka nje huku mnaongea, kibofye, chukua simu, tembea. Aliye upande wa pili hatajua kitu.

Kwa wenye laini mbili: amua kwenye simu laini ipi ndiyo ya kupigia. Ukiiacha simu kwenye hali ya kuuliza kila mara, huenda ikasimama ikisubiri uchague kwenye kioo chake wakati wewe umeikodolea macho kompyuta. Na zile namba za menyu zenye nyota na reli, za kuangalia salio na kadhalika, zipige kwenye simu yenyewe. Vilevile za dharura: unapohitaji polisi au gari la wagonjwa, shika simu mkononi. Huo si wakati wa kutegemea viungo viwili pale ambapo kimoja kinatosha.

Sauti, mahali penye mzizi wa fitina

Kuunganisha ni rahisi. Kinachowafanya watu waache kuitumia huduma hii baada ya siku chache ni sauti, na sababu zake hujirudia.

Simu imeunganika lakini husikii kitu. Angalia kwanza kama simu yako ina kifaa kingine cha Bluetooth kilichoitangulia kompyuta: vile vya masikioni visivyo na waya, saa, au gari lililo nje. Maongezi yakiwa yanaendelea, gusa kwenye simu alama ya spika. Simu nyingi zitakuorodheshea mahali sauti inapoweza kwenda, na jina la kompyuta yako linapaswa kuwamo. Lichague. Likiwa halimo kabisa, rudi kwenye ile swichi ya simu niliyoitaja kwenye gia ya Bluetooth.

Unamsikia lakini yeye hakusikii. Hapo tatizo liko upande wa kompyuta, usiiguse simu. Fungua mipangilio ya sauti ya Windows, tazama maiki iliyochaguliwa, kisha ongea uone kama mstari wa sauti unacheza. Mara nyingi utakuta imechaguliwa maiki ya kamera ya mezani iliyogeuziwa ukuta, au programu zimenyimwa ruhusa ya maiki kwenye sehemu ya faragha. Hedifoni zingine zina swichi ya kunyamazisha kwenye waya. Ni jambo dogo la kuchekesha, lakini litazame kabla ya kupekua kwingine.

Anajisikia mwenyewe akirudiwa na maneno yake. Hiyo ni sauti ya spika zako inayoingia tena kwenye maiki yako. Vaa hedifoni, imekwisha.

Sauti inakatikakatika. Bluetooth za kawaida hufika kama mita 10 mahali pa wazi, na ukuta au hata mwili wako unapunguza. Isogeze simu mezani. Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo pia ya Wi-Fi nyingi, kwa hiyo kama ruta yako ina 5 GHz, hamishia kompyuta huko. Wenye kijiti cha USB wana adui mwingine asiyeonekana: matundu ya USB 3, yale ambayo mara nyingi ni ya buluu, hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo, hasa diski ya nje ikiwa imechomekwa jirani. Hamishia kijiti tundu la mbali, au kichomeke kwenye waya mfupi wa kurefusha ili kikae mbali na kasha la kompyuta. Dawa hii inaonekana ya kienyeji, ila inafanya kazi.

Sauti ni nzito, kama inatoka kwenye mtungi. Sehemu ya hili huwezi kulikwepa. Hands-Free Profile ya zamani ilichukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde. Ile mpya zaidi huchukua 16,000, na vifaa vyote viwili vinapaswa kuikubali. Hali inakuwa mbaya zaidi ukitumia hedifoni za Bluetooth zilizounganishwa na kompyuta, maana sasa redio moja ya kompyuta inabeba maongezi mara mbili: kutoka kwenye simu kuja kwake, na kutoka kwake kwenda masikioni mwako. Ushauri wangu ni mkavu: kwa simu za kompyuta, tumia hedifoni za waya. Za bei ya chini zenye maiki ndogo kwenye waya zitakupa sauti safi kuliko za gharama zisizo na waya.

Ikishindikana kabisa, futa muunganiko wa Bluetooth pande zote mbili, si upande mmoja. Kompyuta ikiwa imeisahau simu lakini simu bado inaikumbuka kompyuta, zinagombana kimyakimya na hakuna ujumbe wa kukueleza. Futa, zima na uwashe vyote viwili, kisha anza hatua ya 5.

Windows na iPhone

Phone Link ilifungua mlango kwa iPhone mwaka 2023. Njia ni ileile: fungua Phone Link, chagua iPhone, elekeza kamera kwenye msimbo wa QR, linganisha tarakimu. Tofauti iko baada ya hapo. Kwenye iPhone fungua Mipangilio, ingia Bluetooth, gusa ile herufi i iliyo ndani ya duara kando ya jina la kompyuta, na uwashe swichi za arifa na ya kulinganisha majina. Bila hizo, simu zitaita bila jina. Kupiga na kupokea kunafanya kazi vizuri. Usitarajie tu upana ule anaoupata mtu wa Android kwenye mambo mengine ya programu hii.

Mac na iPhone

Apple iliweka huduma hii mwaka 2014, kwenye iOS 8 ya iPhone na OS X Yosemite ya Mac. Sauti hapa inapita kwenye Wi-Fi ya ndani, ndiyo maana sharti ni tofauti: vifaa vyote viwili viwe kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi na vitumie akaunti moja ya Apple, huku FaceTime, programu ya Apple ya simu za sauti na video, ikiwa imewashwa.

Kwenye iPhone, ingia mipangilio ya programu ya Phone, tafuta Calls on Other Devices, iwashe, na utie alama kwenye Mac yako. Kwenye Mac, fungua FaceTime, ingia mipangilio yake, na uruhusu simu kutoka kwenye iPhone. Tangu macOS Tahoe, toleo la mfumo wa Mac la mwaka 2025, Mac ina programu yake ya Phone yenye kibao cha namba. Kwenye matoleo ya nyuma yake unapigia kwenye FaceTime. Ukiona namba ndani ya ukurasa wa Safari, bofya mshale mdogo unaojitokeza kando yake na uchague kupiga.

Kero ya njia hii ni kwamba kila kifaa cha Apple ulicho nacho kitaanza kuita kwa pamoja. Ndani ya Calls on Other Devices zima vile usivyovitaka. Na kama kampuni yako ya simu inaruhusu kupiga kwa Wi-Fi kwenye vifaa vingine, utaweza kupokea kwenye Mac hata iPhone ikiwa mbali. Hilo ni la kampuni, si la Apple peke yake.

Linux

KDE Connect, programu ya kuunganisha simu na kompyuta, itakuonyesha nani anapiga, itanyamazisha mlio, itasimamisha muziki na kukuwezesha kujibu kwa ujumbe mfupi. Maongezi yenyewe yanabaki kwenye simu. Kuna wanaoipitisha sauti kwa Bluetooth kwa kurekebisha mipangilio ya PipeWire, programu inayosimamia sauti kwenye Linux. Ni kazi ya mwenye muda na subira.

Na WhatsApp je?

Ni kitu kingine kabisa. Programu ya WhatsApp ya kompyuta imekuwa na simu za sauti na video tangu 2021, na huko kompyuta ndiyo inayopiga kweli, kwa intaneti yake. Bando linaliwa, salio haliguswi, na unayempigia lazima awe na WhatsApp. Simu yako inaweza hata kuwa imezimwa, mradi usiiache bila kuitumia zaidi ya siku 14, maana hapo vifaa vilivyounganishwa huondolewa.

Kompyuta ya watu wengi, na siku ya kuachana nayo

Usiunganishe simu yako na kompyuta ya ofisini inayotumiwa na wengine, wala ya nyumbani isiyo na nenosiri. Anayeketi hapo anaona nani kakupigia na saa ngapi, na simu ikiwa jirani anaweza kupiga kwa jina lako na kwa salio lako.

Unapoiuza, kuirudisha kazini au kumpa ndugu, vunja muunganiko mahali panne. Ndani ya Phone Link, fungua mipangilio, ingia kwenye vifaa, uiondoe simu. Kwenye Bluetooth ya Windows, iondoe tena. Kwenye simu, fungua Link to Windows na ujitoe kwenye kompyuta hiyo. Kisha ingia Bluetooth ya simu, gusa gia kando ya jina la kompyuta, uchague kusahau kifaa. Kwa Mac, toka kwenye akaunti ya Apple kwenye kompyuta hiyo, halafu hakikisha jina lake limepotea kwenye orodha ya Calls on Other Devices.